Kahawa Tatu Kabla ya Misa

Eulalie alikuwa amechambua kahawa miaka kumi na mmoja bila kuionja hata siku moja. Kila asubuhi aliteremka kutoka mtaa wa Kadutu pamoja na wanawake wenzake hadi kiwandani kando ya ziwa, akaketi mbele ya meza ndefu, na vidole vikaanza kazi: punje nzima huku, iliyovunjika kule, nyeusi kando, yenye tundu la mdudu kwenye debe la kutupwa. Nzuri zilishonewa ndani ya magunia zikaenda Ulaya. Jioni mlinzi wa mlango aliwapekua mmoja mmoja, mpaka kwenye mafundo ya vitambaa vya kichwa, asitoke mtu na punje hata moja. Nyumbani walikunywa chai ya maziwa, kama majirani wote. Kahawa kwake ilikuwa kitu cha mikono tu.

Mwezi wa tano mwaka 1958 mume wake Anaclet alirudi nyumbani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa gazeti. Anaclet alikuwa fundi wa magari na mashine. Miaka sita alikuwa ametengeneza lori la mjenzi mmoja Mtaliano, Bruno, aliyejenga majumba kwenye rasi za Ibanda. Bruno sasa alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Alikuwa amegawa nyundo, ngazi na magodoro, na Anaclet alipoulizwa anataka nini, hakutaka nyundo wala ngazi.

"Aliniuliza mara mbili kama niko na akili," Anaclet alisema huku anafungua gazeti. "Nikamwambia, Patron, mi nataka ile."

Ilikuwa kafetiere, birika dogo la kahawa la aluminiamu, lenye pembe nane na kiuno chembamba kama cha nyigu. Maji yanakaa chini, kahawa katikati, na moto ukipanda, mvuke unayasukuma maji kupitia kahawa mpaka yanatokea juu, meusi na mazito. Bruno aliita kinywaji kile espresso, na kila siku saa nne ya asubuhi, kati ya saruji na matofali, alimpa Anaclet kikombe kimoja kisichozidi yai la kuku. Kwa miaka sita saa nne ilikuwa saa nzuri kuliko zote katika siku ya Anaclet.

"Mama Virginie, kaa," alimwambia mke wake, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, ambaye alikuwa ameolewa Uvira. "Leo utaona."

Alikuwa amenunua dukani pakiti ya kahawa iliyokwisha kusagwa. Aliwasha makaa kwenye mbabula, jiko lao la bati, akapanga vyote kama alivyomwona Bruno akipanga, akasubiri akiwa amechuchumaa, mikono juu ya magoti. Kafetiere iliguna, ikakoroma, ikajaa. Anaclet alimimina vikombe viwili, wakanywa pamoja.

Wakatazamana.

"Ni kiazi," alisema Eulalie. "Kiazi kibichi, kile kimeoza kidogo."

"Kwa Bruno haikuwa vile!" Uso wa Anaclet ulianguka. Aliinuka akaleta spana. "Kuna kitu imelegea ndani. Nitaifungua yote."

"Acha spana yako, Papa Virginie." Eulalie alivuta pakiti, akatia pua ndani, akafumba macho. "Mashini haina kosa. Kosa iko mu kawa. Batu bamesaga punje ya mududu pamoja na zingine. Ile ya mududu ukiivunja inanuka kiazi. Moja tu inatosha kuharibisha kopo nzima. Na hapa bamesha kuifanya unga, nitaichagua namna gani?"

"Basi ni nani atatuchagulia kawa ya muzuri?"

Eulalie alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. Kisha akaanza kucheka, na Anaclet naye akacheka, na ile kahawa ya kiazi wakaimwaga nje chini ya mgomba.

Siku zile nyumba nyingi za mashambani zilikuwa na miti ya kahawa, nao wenye miti walijiwekea kidogo. Eulalie alituma habari kila upande. Kaka yake wa Kalehe, ambaye shamba lake liliteremka mpaka ziwani, alimpelekea mfuko mmoja kwa mashua. Shangazi yake wa kijiji cha Miti alileta mfuko wa pili yeye mwenyewe, juu ya kichwa, akakaa kula, akarudi. Mfuko wa tatu ulitoka mbali, Shabunda, kule chini kwenye joto na msitu; dereva mmoja rafiki wa Anaclet aliuleta chini ya kiti cha lori. Kahawa ile ya Shabunda ilikuwa ya kabila jingine, punje ndogo za mviringo.

Jumamosi moja baada ya kazi Eulalie aliweka nyungo tatu juu ya meza yake mwenyewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akaanza kuchambua. Hakuna msimamizi aliyepita nyuma yake. Aliimba. Aliondoa kila punje iliyotobolewa, kila iliyofifia, na hata zile ambazo kiwandani zingepita bila neno. Hapa aliziondoa kwa sababu hakupenda sura zao.

Alipomaliza, akainuka kwenda jikoni, Anaclet alikuwa amesimama mlangoni, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, mikono nyuma.

"Simama pale, mwanamuke! Kupekuliwa!"

"Sentineli, niache, niko na mutoto wa kunyonyesha nyumbani!"

"Wote munasema vile." Alimfungua kitambaa cha kichwa, na punje tatu zikaanguka sakafuni, kwa maana Eulalie alikuwa ameziweka pale makusudi alipomwona anashusha kofia. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kukaanga kulikuwa shida nyingine. Kahawa ya Kalehe aliikaanga Jumatano iliyofuata, kwenye chungu kipana, akigeuza kwa mwiko bila kupumzika. Punje zikawa njano, zikawa rangi ya udongo, kisha zikaanza kulia moja moja, kama vijiti vikavu vinavyovunjwa. Moshi ulijaa njia yote, na watu wawili walikuja mbio na ndoo za maji. Eulalie aliziepua kabla hazijawa nyeusi, akazipepeta mpaka zikapoa. Zile za Miti alizikaanga Ijumaa, akizungumza na mtu dirishani, na kwa sababu ya mazungumzo yale zikaungua upande mmoja. Zile za Shabunda alizikaanga Jumamosi jioni, polepole, akiwa amefunga dirisha na mdomo.

Sasa ilibaki kuonja, na kuonja alitaka mashahidi. Aliwaita rafiki zake wawili, waliokaa naye meza moja kiwandani na kuimba naye katika kwaya ya parokia: Delphine, mrefu, mke wa katekista, aliyeogopa dhambi hata zile ambazo hazijatungwa, na Adèle, mfupi, aliyekuwa na sauti ya juu kuliko zote na asiyeogopa kitu. Waliweza kukutana asubuhi ya Jumapili tu. Misa ya kuimba ilikuwa saa tatu. Wakapatana saa kumi na mbili.

Delphine alisimama kwenye kizingiti bila kuingia.

"Na komunio? Tutakunywa, kisha tutapokea?"

"Roma ilibadilisha tangu mwaka jana," alisema Adèle akimsukuma ndani. "Kile hakina pombe unakunywa mpaka ikibaki saa moja mbele ya komunio. Bwana yako njo alitusomea ile karatasi kanisani. Haukusikiliza?"

Delphine alihesabu saa kwa vidole mara mbili, akaketi.

Anaclet alishika moto, Eulalie alitwanga. Kinuni alitafuta kipimo kwa vidole vyake: isiwe unga wa kupikia uji, isiwe chenga za kuku; kitu cha katikati, kama mchanga laini. Kafetiere ikakoroma. Ya kwanza ilikuwa ya Kalehe.

Eulalie alishika kikombe kwa mikono miwili. Miaka kumi na mmoja! Akanywa. Ilikuwa chachu na tamu kwa pamoja, kama tunda la marakuja lililokomaa, na baada ya kumeza utamu wake ulibaki mdomoni ukitembea.

"Ee," alisema. Akanywa tena.

"Hii njo yenyewe," alisema Delphine. "Tumesha kuchagua. Twende tujitayarishe."

"Bado mbili," alisema Adèle.

Ya Miti ilikuwa laini, lakini nyuma yake kulikuwa na harufu ya mkate uliosahauliwa jikoni, na Eulalie alijua mazungumzo ya dirishani yalikuwa humo. Ya Shabunda ilitoka ikitema na kupiga kelele, nzito, chungu kama kinini, na juu yake povu rangi ya mchanga wa mtoni.

"Povu!" Anaclet aliruka nusura aangushe mbabula. "Ya Bruno ilikuwa na povu! Ni hii, ni hii!"

"Ni hii," alisema Adèle na kupiga meza. "Ile ya Kalehe ni ya batoto."

"Ya batoto?" Delphine alisimama. "Rudisha maneno yako, Adèle."

Basi ikabidi waonje tena ili kuona nani ana haki. Walirudia Kalehe. Walirudia Shabunda. Walirudia hata Miti, maana Delphine aliona si vizuri kuihukumu bila kuisikiliza mara ya pili. Eulalie akagundua jambo: ile ya Kalehe, iliyokaangwa Jumatano, ilipanda kwa utulivu, lakini ile ya Shabunda, ambayo haijalala hata usiku mzima mmoja, ilitoka kwa hasira. Kumbe kahawa nayo inataka kupumzika kidogo baada ya moto! Na wazo lile likaleta la pili. Alitia kinuni konzi mbili za Kalehe na konzi moja ya Shabunda, akatwanga pamoja.

Wote wanne walikunywa. Hakuna aliyebishana. Marakuja ilikuwepo, na uzito ulikuwepo, na povu lilikuwepo, jembamba, likishika ukingo wa kikombe.

"Tena," alisema Delphine, mke wa katekista.

Walikunywa tena. Wakajaribu tatu kwa moja, wakajaribu nusu kwa nusu, wakarudi kwenye mbili kwa moja ili kukumbuka. Saa mbili na nusu Adèle alikuwa anasimulia harusi ya dada yake, iliyochukua siku tatu, bila kuvuta pumzi. Delphine alikuwa amefagia uwanja wa Eulalie, na sasa alikuwa anafagia wa jirani. Eulalie alihisi masikio yake yanasimama kama ya sungura, na alimpenda kila mtu. Alimpenda hata mlinzi wa mlango wa kiwanda.

"Misa!" alipiga kelele Anaclet.

Walipanda kwenda kanisani kwa mbio, watu wazima wenye vitambaa vya Jumapili, wakicheka bila sababu.

Kwaya iliongozwa na mwalimu Déogratias, mtu mnyoofu, ambaye pia alipiga harmonium, kinanda cha kukanyagwa. Desturi yake ilikuwa kuimba polepole. Alipenda kila neno la Kilatini likae vizuri kabla la pili halijaja. Lakini kwaya nzima ilimfuata Eulalie kwa macho, kwa kuwa ndiye aliyeanzisha sauti, na Adèle alipoimba hakuna aliyeweza kumrudisha nyuma.

Padri Stanislas alianzisha Gloria mbele ya altare, akaisoma yake kimya, akageuka kwenda kukaa kwenye kiti chake kama kila Jumapili, angoje kwaya imalize. Eulalie akavuta pumzi. Hakukusudia ubaya wowote. Aliimba kwa mwendo ambao moyo wake ulikuwa unapiga.

Waliokuwa kwenye misa ile waliizungumzia miaka mingi. Wanawake watatu waliondoka kama lori lisilo na breki kwenye mteremko, na kwaya nzima nyuma yao ikishikilia. Miguu ya Déogratias ilikanyaga harmonium kama miguu ya fundi wa cherehani siku mbili kabla ya Noeli. Alimtazama Eulalie kwa macho makubwa. Eulalie alimjibu kwa tabasamu zuri sana. Padri alifika kwenye kiti, akakusanya nguo zake, akainama akae, na kabla hajagusa mbao, akasikia "Amen." Akabaki ameinama. Akasimama tena, akarudi altareni.

Credo ilikuwa mbaya zaidi. Mahali pale ambapo watu wote hupiga magoti, wazee walikuwa bado wanashuka wakati vijana walikuwa wamekwisha kuinuka. Upande wa wanaume Anaclet alikuwa ameficha uso ndani ya kofia yake, mabega yakitetemeka. Mtu mmoja nyuma yake alimwinamia: "Papa Anaclet, uko unalia?"

Watu walitoka nje, jua likiwa mahali ambapo halijapata kuwa mwisho wa misa. Walisimama uwanjani wakitazamana, siku nzima mbele yao kama zawadi. Mzee mmoja alisema alikuwa hajasikia misa ya furaha kama hiyo tangu abatizwe. Mke wake akamwambia kwamba alikuwa hajaisikia kwa sababu kila mara hulala.

Padri Stanislas aliwaita wale watatu sakristiani. Déogratias alikuwemo tayari, akifuta jasho shingoni.

"Padri, bamenikimbiza!" alisema. "Mimi, mutu ya miaka makumi tano!"

"Mulikunywa nini?" Padri aliuliza.

Delphine alianza kulia na kucheka kwa wakati mmoja. "Kawa, Padri. Ila saa tulifwata! Saa moja kamili, na zaidi!"

"Vikombe ngapi?"

"Niliacha kuhesabu ku tisa," alisema Adèle. "Lakini ni vidogo, Padri. Kama yai."

Eulalie aliona afadhali aseme yote: Bruno, kafetiere, kiazi, Kalehe na Miti na Shabunda. Alivyokuwa anaeleza, uso wa Padri ulibadilika. Padri Stanislas alikuwa amesomea Roma miaka miwili. Alikwenda akafunga mlango wa sakristia, akarudi, akasema kwa sauti ya chini:

"Iko na povu?"

"Iko," alisema Eulalie.

"Nakuja kisha saa sita."

Alikuja kwa baiskeli, saa sita haijafika. Déogratias alikuja naye. Alisema amekuja kama mwalimu, kuona hatari ilivyo. Anaclet alikuwa amefua shati; Delphine na Adèle walikuwa hawajakwenda makwao. Eulalie alipima konzi mbili za Kalehe, moja ya Shabunda, akatwanga akisikiliza kinu.

Padri alinusa kwanza. Alikunywa, akatazama dirishani.

"Kule Roma," alisema, "asubuhi mbele ya masomo tulivuka njia, tukakunywa tumesimama. Miaka ine sijaipata tena." Akanywa iliyobaki. "Ya kule ilikuwa na uchungu zaidi. Ongeza ile ya Shabunda, maman. Nusu kwa nusu."

"Ndiyo, nusu kwa nusu," alisema Anaclet. "Ya Bruno nayo ilikuwa kali."

Eulalie alitazama wanaume wale wawili. Kabla ya asubuhi ile angesema ndiyo, akaongeza.

"Padri, kawa ya Roma ilikuwa inatoka wapi?"

"Sijui. Sikuulizaka. Mbali."

"Labda mi njo niliichambuaka," alisema Eulalie. "Labda ilipita ku mikono yangu, ikaenda, mukainywa kule mumesimama." Alishangaa mwenyewe kusikia maneno yale yakitoka. "Basi mi nasema: mbili kwa moja. Na ile ya Shabunda ilale siku ine mbele ya kusagwa. Leo imelala siku moja, njo sababu iko na makelele. Murudi siku ya tano, mutanipa haki."

Anaclet alimtazama mke wake kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu siku za uchumba, akasogeza kikombe chake mbele.

"Mbili kwa moja," alisema. "Unitilie."

"Mbili kwa moja," alikubali Padri, na yeye akasogeza chake.

Déogratias alikuwa hajagusa kikombe. Alikiinua, akaonja kwa ncha ya ulimi, akaonja tena. Alitoa sheria palepale: waimbaji kikombe kimoja kabla ya misa, vingine baada ya misa. Kisha akauliza kama mtu wa harmonium anahesabiwa kuwa mwimbaji.

Padri alikunywa vitatu. Aliaga, akashika baiskeli. Kutoka kwa Eulalie kwenda parokia kuna mlima, na hakuna aliyewahi kumwona mtu akiupanda juu ya baiskeli. Wote hushuka wakasukuma. Padri Stanislas hakushuka. Alisimama juu ya pedali, kanzu nyeupe ikajaa upepo, na akapanda, akapanda, huku watu wakitoka milangoni kumpigia makofi, na Adèle akikimbia kando ya njia, viatu mkononi, akimwimbia.

Eulalie alimtazama mpaka akapotea juu. Kisha akarudi ndani kutwanga nyingine, maana Delphine alikuwa amekwisha kuosha vikombe vyote na anauliza kama iko nyingine.